Mwaka Pascal Alipokwama Kati ya Nyota

Siku tuliyomzika mume wangu Pascal, vijana wa avenue walikata matawi mabichi wakayatandaza barabarani mbele ya nyumba yetu, ili magari yapunguze mwendo na kila anayepita ajue kwamba hapa kuna matanga. Niliyaona matawi yale nikashindwa kukaa. Wamama walinitandikia mkeka, wakanishika mabega, wakasema kaa, mama, mjane hazungukizunguki. Lakini miguu ilikuwa inaniwasha. Nilienda nyuma kwenye masufuria, nikaonja sombe ya watu, yale majani ya muhogo, nikasema haina chumvi, wakanifukuza. Nikaenda kwenye chumba cha mwisho, nikawakuta wajukuu wangu wawili wamejificha huko: Merveille, mtoto wa kifungua mimba wangu, anayesoma chuo kikuu, na Dan, mtoto wa shangazi yake. Walikuwa na kompyuta juu ya magoti, weusi wa usiku umejaa kwenye ekrani na vitone vya nyota, wanabishana juu ya mchezo uliokuwemo, kwa sauti ya chini kama watu wanaogawana urithi.

“Ile jeu iko kubwa bule,” Dan alikuwa anasema. “Nyota mamiliyoni, sawa. Lakini ukifika kuko nini? Unatua, unauza, unaruka. Kesho tena vile vile. Iko sawa nyumba murefu ya étage yenye iko paka na ukuta wa mbele. Ukifungua mulango, unaona majani.”

“Weye unachezaka peke yako, njo maana unachoka,” Merveille akamjibu.

Nikawauliza kutoka mlangoni: “Na mbasela iko?”

Waligeuka kuniangalia wakidhani huzuni imenipanda kichwani. Mimi nikaanza kucheka, siku ya kumzika mume wangu, nikacheka hadi nikakaa chini kwenye simenti, na wamama wa nje wakaja mbio. Kicheko kile kilitoka mbali, kwenye mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Nilisoma hadi darasa la nne. Haya ninayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, Merveille anasahihisha herufi, maneno hayagusi, nimemkataza, hata pale tunaposema paka kwa maana ya tu, na njo kwa maana ya ndiyo.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa kuposwa, nakaa kwa shangazi yangu, Tantine Béa, katika komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu wa shaba, si nchi ile, kwenye nyumba ya matofali yenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Mji ulikuwa unaanguka na sisi tuko ndani yake. Zamani ving'ora vya kiwanda ndivyo vilivyokuwa vinatuamsha, vinatupikisha, vinatulaza; mwaka ule vilinyamaza, na watu wakawa wanaamka saa yoyote, wanazunguka bila kujua mchana umefika wapi. Moshi wa bomba kubwa ulikatika. Maduka ya katikati ya mji yalikuwa yameshavunjwa, milango ya chuma imepindwa kama karatasi. Pesa ya asubuhi ilikuwa haifiki jioni. Na kila mtu alikuwa anatembea. Wanaume waliokuwa wakivaa tai walitembea kutwa kutoka kwa shemeji mpaka kwa rafiki, wakitafuta habari, na habari yenyewe ikawa moja tu, nani ameondoka. Hata kuku wa jirani nilikuwa nawaona wanahangaika zaidi kuliko kawaida, ingawa huenda ni macho yangu.

Pascal alikuwa mchora ramani kwenye ofisi moja ya migodi. Ofisi ilipofungwa, mishahara haikuwepo, basi wakawagawia watu vitu. Mmoja alipata kabati, mwingine feni, mwingine kiti cha kuzunguka akakiuza siku hiyo hiyo. Pascal alipewa kompyuta. Alikuja nayo kwenye toroli, imefungwa shuka kama mgonjwa, akamwomba Tantine amwazime chumba cha mbele kwa sababu kwake umeme ulikuwa umekatwa, na kwetu, sijui kwa neema gani, waya ulikuwa bado unapumua.

“Baba, kile kintu kinakulaka?” Tantine akamuuliza.

“Kinakula paka courant, Tantine.”

“Basi kinatushinda siye.”

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na mchezo, bosi wake aliyerudi kwao Ulaya aliuacha humo. Unapewa chombo cha kuruka angani, unabeba mali kutoka nyota moja, unaiuza kwenye nyota nyingine, unanunua nyingine tena, unaenda. Ndiyo hiyo tu. Lakini nyota zilikuwa hazina mwisho. Wanaume wa avenue walianza kuja kuchungulia dirishani, kisha wakaingia, kisha wakawa na viti vyao. Walikuja na makala kidogo ya kuwashia jiko, au nyanya, au mahindi ya kuchoma, wanampa Tantine, wanakaa. Pascal alikuwa anaendesha, wao wanampangia njia kama abiria wa mbele. Pita ku ile ya bluu. Apana, kule banauza ghali, mara ya mwisho balituibia. Beba shaba, Pascal, shaba iko na bei ku ile nyota nyekundu. Hebu fikiri, shaba. Nje ya dirisha shaba yenyewe ilikuwa imekufa, bomba halitoi moshi, na humu ndani watoto wa wachimba shaba walikuwa wanashangilia shaba ya hewa iliyopata bei.

Mimi ndiye niliyekuwa napika. Babula, jiko la makala, iliwaka mlangoni, bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, siku njema ndagala kidogo, na masikio yangu yalikuwa chumbani. Siku moja niliingia na sahani, nikamkuta Pascal anauza.

“Nani ananunua?” nikamuuliza.

“Station.”

“Station ni bibi ya nani?”

Chumba kizima kikacheka. Pascal hakucheka, alikuwa mtu wa kueleza. “Hapana muntu, Gode. Ni pahali.”

“Pahali hapauzaka kitu. Bantu njo banauzaka.”

“Bei iko inaandikwa pale. Unabonyeza, inakwisha.”

“Hamuvutane bei?”

“Hatuvutane.”

“Na mbasela?”

Hapo hata wale wa viti wakanigeukia. Sisi hapa, ukinunua unga, muuzaji anajaza kopo, anasawazisha kwa kiganja, kisha anachota tena kiganja kimoja anakutupia juu, bure. Hiyo ndiyo mbasela. Jirani yetu Mama Ntumba, aliyeuza unga mbele ya ua wake, alikuwa na kiganja kikubwa na alikuwa anakitupa akiangalia pembeni, kama hajui mkono wake unafanya nini. Kiganja kile ndicho kilichokurudisha kwake kesho. Sasa mimi naambiwa kuna masoko mengi kuliko majani ya miti, na hakuna hata moja ambalo mtu atakutupia kiganja. Nikawaambia, ule mchezo ni ukubwa mtupu, umefagiwa ndani kama nyumba ya watu waliohama.

“Haujaona bado,” Pascal akasema. “Mutu hawezi kuimaliza mu maisha yake yote.”

“Na weye unataka kuijaribu na maisha yako yote.”

Jioni aliniambia peke yangu, tukiwa tumekaa kwenye ngazi, kikombe cha munkoyo kinapita kwake na kwangu: “Kule juu hamuna frontière, Gode. Hakuna mutu anakuuliza unatokea wapi.” Neno hilo la kutokuwa na mpaka lilinishika. Mwaka ule kila mtu alikuwa anaulizwa anatokea wapi. Majirani zetu wenye asili ya Kasai, jimbo jingine la nchi yetu, watu waliozaliwa hapa hapa, ambao baba zao walijenga reli ya hapa, walikuwa wanaambiwa waende kwao, kwao ambako wengine hawakujua hata njia yake. Walikuwa wanalala steshenini na magodoro yao, wanangoja treni. Nyumba moja leo, nyingine kesho, milango inafungwa kwa misumari. Kwa hiyo nilimwelewa. Na nisiseme uongo, ile nyota ya bluu ilipokuwa inapanda polepole kwenye kioo, nilikuwa nasahau sufuria.

Lakini Pascal alikuwa ameshatuma kwa Tantine kuku na kitambaa, neno la kwanza la posa, na Tantine alikuwa na macho. Dereva mmoja, Kambale, mtu wa Butembo, mwenye kubeba mizigo ya jumla hadi Kasumbalesa, alikuwa akiegesha kamioni yake karibu na kwetu na kula bukari yetu. Alimwomba Pascal zaidi ya mara moja awe msaidizi wake, kwa sababu anajua kusoma karatasi za mpakani. Pascal alikuwa anamjibu kesho. Tantine akaniita jikoni, akaongea kwa sauti ya kusikika mpaka chumba cha mbele.

“Miye siozeshe mutoto na picha. Mwanaume anakaa pale asubuhi, anakaa mangaribi, anasafiri bila kuinuka. Mvua ya kwanza ikinyesha na yeye iko bado mu kile kiti, kuku yake ninarudisha. Kama tumeshakula, ninatafuta ingine.”

Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Zambia. Nikawa naangalia mbingu mbili, ile ya nje na ile ya ekrani, na sikujua ipi itaniharibia mapema.

Basi Pascal akafanya alichofanya. Alijaza chombo chake, akachagua nyota ya mbali kabisa, ambayo hakuna aliyewahi kuitaja chumbani, akaruka. Alitaka tu kuona ukingo. Akafika. Hapakuwa na soko, hapakuwa na station, palikuwa na jua dogo jeupe na weusi. Na mafuta yalikuwa yamekwisha. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile, chombo kikawa kinaelea tu, taa moja inawaka na kuzima.

Angeweza kuanza upya na chombo kingine, mwanzoni kabisa. Kijana mmoja alimwambia hivyo. Pascal alimtazama kama aliyetukana. “Na ule wa kule? Ninamuacha?” Kwake, mle ndani mlikuwa na dereva.

Kambale alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Akauliza nini kimetokea, wakamwambia pane, chombo kimekufa njiani. Akaelewa mara moja, kwa kuwa hilo lilikuwa neno la kazi yake. Akatoka, akavunja tawi la mparachichi wa uani, akalilaza mbele ya ekrani, vile madereva wanavyotandaza matawi nyuma ya gari lililokufa njiani. Chumba kikacheka. Kisha yeye mwenyewe akasema, bila kucheka: “Ku njia ya Kasumbalesa, chauffeur hawezi kupita matawi asisimame. Hata kama haujue. Hata kama mulipigana jana. Anasimama, anauliza, umekula? Kisha njo mutaangalia moteri.”

Na hapo, nashindwa kueleza vizuri, lakini tawi lile liliwabadilisha. Waliacha kucheka. Mmoja akasema mbingu ni kubwa, lazima kuna wengine wanapita na mali zao. Mwingine akasema mzungu hawezi kutengeneza njia ndefu hivyo bila kuweka watu wa kusaidiana, atakuwa mjinga. Wakaanza kungoja. Walingoja kama watu wanavyoketi na mwenye kuharibikiwa barabarani, kwa heshima, wakiongea mambo mengine, kila mara jicho moja kwenye kioo. Waliogopa umeme usikatike, kwa sababu ukikatika na dereva wa Pascal atapotea. Niliweka sufuria chini nami nikaleta kibao changu. Ndiyo, mimi niliyesema mle ni patupu. Nilikaa nikaangalia kile kitaa kinachowaka na kuzima, na moyoni nilikuwa nasema, mtu apite, basi, hata mmoja, ili huyu mwanaume ainuke.

Kesho yake asubuhi walikuwa bado pale. Majani ya mparachichi yameanza kunyauka. Pascal hakuwa amenyoa. Mimi nikatoka kumwaga maji, na nikamwona Mama Ntumba, naye wa asili ya Kasai, mbele ya ua wake, mizigo yake yote chini, mkokoteni umevunjika gurudumu. Treni ilikuwa imetangazwa. Watoto wake walikuwa wameshatangulia steshenini na godoro. Yeye alikuwa amebaki na sufuria, cherehani, na gunia la unga uliosalia, amekaa juu ya gunia, mikono kwenye mapaja. Watu walikuwa wanapita. Wengine walikuwa wanaogopa kuonekana wakimsaidia, wengine walikuwa tu wanapita, kama watu walivyopita mwaka ule, haraka, macho mbele. Nikamsalimia. Akaniambia nilete kopo langu. Nikasema mama, leo sina cha kununulia. Akasema leta. Akajaza, akasawazisha kwa kiganja, kisha akaangalia pembeni, akachota kiganja kingine akatupa juu. Unga mwingine ukamwagika kwenye miguu yangu. Kutoka kwa mtu anayefukuzwa, asubuhi ile ile anayofukuzwa.

Niliingia chumbani na lile kopo limejaa mpaka juu. Nikaliweka mbele ya kioo, karibu na tawi.

“Pascal, unangoja nani?”

“Mutu atapita.”

“Mule hamuna bantu. Haimo hata mumoja. Ningependa baweko, miye pia nimengoja. Bametengeneza nyota mingi, bakasahau kutia mutu.” Sikupaza sauti. “Lakini hapa inje kuko mama mwenye pane. Iko anakaa juu ya mizigo, na matawi hana. Ule chauffeur unamungojea kule juu, hapa njo weye. Weye njo unapita.”

Kambale alikuwa ukutani, akaangalia viatu vyake. Pascal aliangalia kopo, akaona ile mbasela juu, kilima kidogo cha unga, na aliijua ni ya mkono gani, kwa sababu naye alikuwa amekula unga ule mwaka mzima. Kile kitaa kikawaka, kikazima, kikawaka. Umeme haukukatika, siku ile ulikuwa imara kuliko siku zote. Yeye mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono nyuma ya kompyuta akaizima. Nilimsikia akisema polepole, “Pardon, mukubwa,” na hakuwa anaongea nami.

Kisha akainuka. Magoti yake yalilia kama mlango. Alitoka nje na lile toroli lake alilolitumia kuletea kompyuta, akapakia cherehani, Kambale akabeba gunia, wengine wakachukua masufuria, na wote wale wa viti wakatoka mmoja mmoja, macho yakiwauma kwa jua. Tulienda steshenini tukiwa kundi, katikati ya barabara. Walioogopa kuonekana walituona. Mama Ntumba alitembea mbele bila mzigo wowote, kichwa juu, kama bibi harusi. Kwenye behewa alimshika Pascal mkono, akamwambia: “Oa huyu mutoto upesi, kabla hajapata mwenye akili.” Treni ilipoondoka, mvua ya kwanza ikaanza, matone makubwa yanayonuka vumbi. Pascal alikuwa amesimama kwenye mvua, si kwenye kiti. Kuku hakurudishwa.

Wiki ile ile alipanda kamioni ya Kambale kwenda Kasumbalesa. Kompyuta aliibadilisha kwa gurudumu la akiba. Maisha yake yote yaliyobaki alikuwa mtu wa barabara, msaidizi kwanza, kisha dereva, kisha mwenye gari lake mwenyewe lililokuwa likifa kila mahali. Mara ngapi nimelala bila mume kwa sababu alisimama kwenye matawi ya mtu asiyemjua. Nilikuwa namgombeza. Alikuwa anajibu, “Weye njo ulinifundisha.” Mama Ntumba hatukumwona tena. Kambale ndiye aliyesoma neno kwenye matanga, mzee mwenye fimbo, na madereva walijaa avenue mpaka polisi wakaja kuuliza kuna mgomo gani.

Hayo yote niliwaeleza Merveille na Dan pale chini kwenye simenti, wamama waliporudi kwenye masufuria. Dan, aliyetuita mimi na Pascal nkambo, bibi na babu, akasema: “Nkambo, njo vile ninasemaka miye. Kubwa, bule.” Merveille alikuwa kipenzi cha Pascal, babu yake alikuwa akimwita bibi yangu mudogo, yaani mke mdogo, na sisi wawili tulikuwa tunataniana kama wake wenza. Aligeuza kompyuta nikaona vizuri. Chombo chake kilikuwa kinaelea karibu na jua dogo jeupe. Taa moja inawaka na kuzima.

“Nilikuwa ninataka kuona ukingo,” akasema. “Mafuta imekwisha tangu asubuhi. Kisha habari ya nkambo ya kuzikwa, nikaacha vile.”

Nikamwambia zima, mwanangu, nenda ukawasaidie wamama kuosha sahani.

“Ngoja,” akasema. “Nimeandika ku internet kama niko na pane.”

“Umeandikia nani?”

Akanipa nafasi kitandani. Dan naye akasogea. Nje walikuwa wanaimba wimbo wa kanisa, jua la alasiri linaingia dirishani na kukifanya kioo kiwe kigumu kuona, nikaweka kitambaa changu cha kichwa juu kama pazia. Tulingoja. Miguu yangu, iliyokuwa inawasha tangu alfajiri, ilitulia. Sikusema kwamba hakuna mtu. Nililisema mara moja maishani na ilinitosha.

Kwenye ule weusi, upande wa kulia, kikatokea kitone kikasogea. Nikadhani ni nyota. Kikakua, kikawa na taa mbili.

“Ni mashini?” nikauliza.

“Apana, Nkambo. Ni muntu. Analeta mafuta. Anasema iko Brésil, kule ni asubuhi.”

“Anauza?”

“Anatoa bule. Kuko bantu banafanyaka paka ile kazi.”

Dan, mwenye ubishi wa ukoo mzima, akainamia kioo. Mimi niliziangalia zile taa mbili zikisimama kando ya chombo cha mjukuu wangu, mahali ambapo hakuna barabara. Kitambaa kikaniangukia machoni nikakiacha.

“Muandikie,” nikamwambia Merveille. “Muulize kama amekula.”